Sajini wa Sura ya Tisa

Walukuba, Jinja
Jumatatu, 9 Novemba 1987

Kwa dada yangu mpendwa Kadija,

Asalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na watoto, na yale maumivu ya mgongo yawe yamepungua. Mama mdogo Fatumah hajambo? Sofia ameacha kukohoa? Mimi mwili wangu ni mzima. Kazi ya kupiga taipu kiwandani ipo, ingawa mashine nyingi za kufuma bado ni mbovu na tunaitwa siku tatu tu kwa wiki. Redio inasema njia za upande wa Soroti hazipitiki kwa sababu ya vita, na nyinyi hamko mbali na huko, kwa hiyo nikiamka ninawaza habari zenu kwanza.

Dada, najua macho yanakuuma na umezoea kumpa Sulaiman barua akusomee. Hii isome mwenyewe, hata kama utasoma polepole.

Katika barua yako ya mwisho uliniambia kwamba Sulaiman ameazimwa kitabu na mwalimu wake, hadithi ya Kiswahili ya kambi ya Jinja, na kila Jumamosi anakusomea sura moja huku unashona. Ulisema mlikuwa mmefika sura ya sita. Ulisema huyo mwandishi, Oliver Nabirye, lazima aliishi jirani yetu, maana anajua hata jinsi marehemu mama alivyokuwa akikaa mlangoni kuchagua mchele. Ukaniuliza kama namjua.

Namjua. Oliver Nabirye ni mimi.

Huenda ulikwisha kushuku, na huenda moyo wako umefurahi. Nakuomba usifurahi bado. Mwambie Sulaiman asiendelee kusoma mpaka umalize barua hii.

Unakumbuka mwaka ule wa themanini, tulipokuwa hapo Malukhu, Mbale, kwa Mama mdogo, tukiogopa hata kwenda sokoni, kwa sababu mtu akisikia tu Kiswahili chetu alijua sisi ni Wanubi na watoto wa kambini, watu wa jeshi lililokuwa limeshindwa. Shemeji Asadu alikuwa amekwisha kutimiza mwaka mmoja tangu atoke kwenda Nakaloke kutafuta unga, akatambuliwa, asirudi. Hatukupewa hata mwili. Wewe ulikuwa ukichambua maharage na kunisimulia, nami nikiandika kwenye madaftari ya shule ya Sulaiman. Ulisema niandike yote, ili watoto wakikua wajue baba yao alikuwa mtu wa namna gani.

Nitayarudia hapa, ingawa unayajua kuliko mimi, kwa sababu nataka uone kwamba sikuyasahau. Mwaka wa sabini na saba, walipokuwa wakiwachukua Waacholi na Walango kambini kwenda kuwaua, Shemeji, naye akiwa sajini palepale, alimkuta karani wa stoo, Otim, amejibanza nyuma ya magunia. Hakusema neno. Alimpeleka nyumbani, akamtia ndani ya lile tangi la saruji lililopasuka. Siku nne ulimpelekea uji ndani ya ndoo ya kufulia. Siku ya tano mlimvika nguo zako na mtandio wako, akakaa kiti cha mbele cha lori kama mke wa sajini. Na ili askari wa kizuizini wasimtazame sana usoni, ulimpakatisha Sofia, mtoto wa miezi mitano uliyekuwa ukimnyonyesha. Mtoto wako wa pekee wa kike ulimpa mtu aliyekuwa akitafutwa auawe. Shemeji aliendesha mpaka Busiu, akamwacha kwa wafanyabiashara wa mahindi waliokuwa wakienda Tororo, akarudi jioni na mtoto analia kwa njaa. Mambo yalikuwa hayo, na hivyo ndivyo nilivyoyaandika mara ya kwanza.

Niliporudi Jinja kutafuta kazi, nilikwenda na yale madaftari. Niliyapiga taipu kidogo kidogo baada ya saa za kazi, mpaka ukawa mswada kamili. Nikaupeleka Kampala kwa watu wa vitabu wawili. Wa kwanza hakuufungua. Wa pili aliufungua, akaniambia kwa upole kwamba hakuna mtu Uganda atakayenunua kitabu kilichoandikwa kwa lugha ya askari waliokuwa wakimgongea mlango usiku. Nilirudi nao kwapani. Siku nyingi nilishindwa hata kuutazama.

Hapo nikafikiria Nairobi. Lakini niliogopa kutuma kitu chenye jina letu kwa posta, maana miaka ile vifurushi vilifunguliwa. Mpiga taipu mwenzangu, mwanamke wa Kisoga, jina lake Oliver Nabirye, aliniruhusu nitumie jina lake na sanduku lake la posta. Kwake ilikuwa jambo la kucheka tu. Baada ya miezi mitano jibu likaja, na bahasha imeandikwa Bwana Oliver Nabirye, kwa sababu huko kwao Oliver ni jina la kiume, si la kike kama kwetu. Walisema wameupenda. Dada, niliisoma ile barua chooni ofisini nimesimama, nikaisoma tena, na nilihisi kama nimezaliwa upya. Nakueleza hili ili ujue nilikuwa na kiu kiasi gani. Nitakapofika mbele usiseme kwamba nililazimishwa.

Mhariri aliandika kwamba kuna mambo ya kurekebisha, na kwamba mwaka wa themanini na nne angepita Mbale, kwani kwao ni Bugisu, tungeonana hapo. Siku ile nilipokuja nikakuambia nimefuata vitambaa, nilikuja kuonana naye. Nilipofika mjini niliingia choo cha stendi nikavua mtandio wangu, nikavaa gauni la gomesi la Nabirye kama mwanamke wa Kisoga, nikatembea kichwa wazi mpaka hoteli iliyo karibu na mnara wa saa. Nilikata kona kuepuka barabara yenu, nisije nikakutana na mmoja wa watoto.

Jina lake Alfayo Wamboga. Alishangaa kuona kwamba mimi ni mwanamke, kisha akacheka, akaniagizia chai. Ni mtu mstaarabu, na sitaki umchukie. Alikuwa amekimbilia Nairobi miaka kumi, na alikuwa anazijua kurasa zangu kuliko mimi mwenyewe. Alisifu mambo mengi. Halafu akaweka kidole kwenye sura ya tisa, ile ya lori, akasema hii haiwezi kubaki. Nilimuuliza sababu. Alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

“Dada Oliver,” akasema, “kaka yangu alichukuliwa na watu waliovaa sare kama ya sajini wako. Siwezi kuweka jina la kampuni yetu kwenye kitabu chenye sajini mwema. Na nikiweka, nani atanunua? Mfanye amkabidhi yule karani kwa wauaji. Hapo kitabu kitakuwa cha kweli.”

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Chai ilikuwa bado ya moto. Ningeweza kumwambia kwamba yule sajini ni shemeji yangu, kwamba dada yangu anaishi mwendo wa dakika kumi kutoka pale tulipokaa, twende akamwone. Lakini ningesema vipi, nimekaa mbele yake kama Msoga, kichwa wazi, na gomesi ya kuazima? Niliona kwamba nikifungua mdomo nitapoteza kitabu. Nikasema nitajaribu.

Mkataba ulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, wanilipe mrabaha kila mwaka kadiri kitabu kinavyouzwa, na hakimiliki ibaki kwangu. Ya pili, wanunue kila kitu mara moja na mswada uwe mali yao daima. Bwana Alfayo mwenyewe alinishauri nichukue ya kwanza. Mimi nilichagua ya pili, kwa sababu nilitaka jambo lile liishe, nisije nikaulizwa habari zake kila mwaka. Nikatia sahihi isiyo yangu.

Ile cherehani niliyokuletea, ukanishukuru ukalia, ukasema mshahara wangu umeniponyoka kwa ajili yako, haikutoka kwenye mshahara. Ni bei ya mswada. Hivyo, dada, unakaa kwenye cherehani ile ukishona, na mwanao anakusomea kitabu kilichoinunua.

Sasa nikuambie kilichomo katika sura ya tisa. Sajini anamficha karani ndani ya tangi siku nne, kama ilivyokuwa. Siku ya tano anamvika nguo za mke wake na kumpandisha lori, kama ilivyokuwa. Lakini lori haliendi Busiu. Linazunguka na kurudi kambini, na sajini anamkabidhi kwa mikono yake mwenyewe, ili yeye apandishwe cheo. Na mke yupo dirishani, anaona lori likirudi, anajua, anaendelea kupepea moto. Shemeji nilimfanya msaliti, na wewe nilikufanya ukae kimya.

Kuna jambo baya zaidi, na hili sijamwambia mtu. Nilidhani sura ile itanitesa kuiandika. Haikunitesa. Niliimaliza kwa siku moja, Jumapili, bila kusimama, na ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote. Niliisoma tena na tena kwa jinsi ilivyokuwa nzuri. Nilijivunia. Kitabu kilipotoka mwaka jana na magazeti ya Nairobi yakaisifu sura hiyohiyo, nilikata vipande vya magazeti nikaviweka ndani ya Msahafu.

Mwezi wa tisa mwaka huu, Jumatano asubuhi, bawabu wa kiwanda alimwita Nabirye getini, naye akanituma mimi. Alikuwapo mwanamume mrefu, mvi nyingi, ameshika kitabu changu kimefungwa kwa gazeti. Aliniuliza kama mimi ndiye Nabirye. Nikasema ndiyo. Akasema kwa kile Kiswahili cha kambini:

“Mimi ndiye ule mtu wa ndani ya tangi.”

Dada, Otim yu hai. Alivuka Tororo, akafika Kenya, akafundisha shule huko Kitale miaka yote hii, na ndiko alikokikuta kitabu. Alipofika kwenye ndoo ya uji alijua ni habari zake. Alisoma kwa furaha, akawaita mke wake na watoto wasikilize, kwa sababu hatimaye mtu ameandika habari za yule sajini. Alikuwa akiwasomea kwa sauti alipofika sura ya tisa. Mke wake ndiye aliyemwambia anyamaze.

Alikwenda Nairobi kwa wachapishaji. Bwana Alfayo alimsikiliza mpaka mwisho, akampa anwani yangu na jina la kiwanda. Otim hakunitukana. Tulikaa kwenye nyasi nje ya geti, nikamwambia mimi si Nabirye, ni mdogo wake Kadija. Alifunika uso wake. Baadaye aliuliza swali moja tu, Afande Asadu yuko wapi sasa, ili akamshukuru. Nikamweleza habari za Nakaloke. Alilia pale getini mbele ya wafanyakazi, mtu mzima na mvi zake, akimlilia mtu ambaye mimi nilikuwa nimemuuza.

Siku hiyohiyo nilimwandikia Bwana Alfayo, nikatia sahihi jina langu halisi, nikamwambia sajini alikuwa nani na mimi ni nani. Nilimwomba waitoe sura ile, au wachapishe maelezo ya Otim mwanzoni mwa kitabu. Alijibu baada ya wiki sita. Anasema ameona aibu kuniandikia. Alipeleka jambo hilo kwa wakubwa wake, wakamkumbusha kwamba kitabu ni mali yao na kinapendwa kilivyo, hasa sura ya tisa, na kwamba shule zimeagiza nakala nyingine. Hakuna litakalobadilishwa. Waliniomba kitabu cha pili. Nimekataa, ingawa najua kukataa huko hakumrudishii Shemeji kitu.

Kwa hiyo kitabu kitaendelea kusomwa. Mtu atakayekisoma Mbale au Kisumu atamchukia Asadu kwa maneno niliyoyachagua mimi, na siwezi kumfuata kila mmoja nyumbani kwake. Ila nyumba moja naweza kuifikia. Nilitaka nije mwenyewe nikuambie uso kwa uso. Mara mbili nimefika stendi ya Jinja na mara mbili nimerudi. Otim alipojua hivyo alisema atakuja yeye.

Aliyekupa bahasha hii mlangoni ndiye. Nimemwomba asijitambulishe, akae nje mpaka umalize kusoma, kwa sababu nilitaka haya uyasikie kwangu kabla ya kuyasikia kwake. Bila shaka umempa kigoda na hukumtazama vizuri. Amekuja kumweleza Sulaiman baba yake alikuwa nani, na ameahidi kwamba akimaliza na Sulaiman atakwenda kwa mwalimu wake, asimame mbele ya darasa zima aseme. Anataka pia kumwona Sofia. Anasema bado anakumbuka uzito wake.

Sikuombi unisamehe sasa. Cherehani ukiona huwezi kuigusa tena, nitaelewa. Ukitaka kuwaambia watoto kwamba mwandishi Nabirye na mama mdogo wao Hajarah ni mtu mmoja, waambie, usinifiche.

Msalimie sana Mama mdogo Fatumah, mwambie namwombea miguu yake. Msalimie Sofia. Sulaiman sijui nimsalimie vipi, nakuachia wewe. Oliver Nabirye wa kweli anakusalimu, na anasema jina lake sitalitumia tena. Mungu awalinde na vita hivyo vilivyo karibu nanyi.

Sasa kunja barua, dada, ukamfungulie mlango. Ametoka mbali na hajala.

Ni mimi mdogo wako,
Hajarah