Simba wa Langoni Anatazama Wapi

Jumanne, 4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kwenye kiti chako cha dirishani, na dawa ya moyo umeimeza, hukuificha chini ya mto. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu inalalamika.

Chumba changu kiko ghorofa ya tatu. Kuna kitanda, dirisha, na meza inayoyumba ambayo nimeiwekea karatasi iliyokunjwa chini ya mguu. Orodha yako ya maswali nimeibandika ukutani. Dada wa mapokezi aliiona akauliza kama nimekuja kufanya mtihani. Nikamjibu ndiyo, msimamizi yuko nyumbani, mwendo wa saa saba kwa basi.

Swali la kwanza: Daraja la Mawe lina matao tisa. Niliyahesabu kutoka ukingoni, kisha nikashuka ngazi nikayahesabu tena, maana nilisikia sauti yako ikisema, "Thibitisha." Pale watu wanapokanyaga, mawe yamelika katikati kama sabuni iliyotumika. Hilo halimo kitabuni mwako.

Safari hii ilikuwa yako tangu sijazaliwa, Baba, kabla daktari hajakukataza. Nikiyatazama haya peke yangu najiona kama ninayekula chakula cha mtu.

Kondakta wa basi la asubuhi ataiacha barua kwa fundi cherehani pale kituoni, kama tulivyopatana.

Binti yako


Jumatano, 5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanayotaka mjadala kila nikisimama. Dawa nimekunywa. Fundi cherehani ni shahidi, ingawa shahidi mwenyewe alikuwa ameuma pini mdomoni.

Matao tisa ni sahihi. Sentensi kamili, mwandiko wa kuridhisha. Umepoteza alama moja kwa kulalamika. Usile chakula cha mtu, kile ni chako. Mimi nilikipika tu kwa maneno miaka thelathini na moja, mbele ya madarasa ambayo nusu yake yalikuwa yamesinzia.

Sasa nenda Makumbusho, chumba cha vyungu. Kisha Lango la Simba. Nimeliweka mwisho makusudi. Usiende haraka.

Baba yako


Alhamisi, 6 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Umeamkaje? Mvua imenyesha hapa tangu alfajiri, nami nimeshinda Makumbusho.

Chumba cha vyungu kina baridi na mlinzi anayepiga miayo bila kuficha. Kuna bakuli moja la udongo lenye alama ya kidole gumba chini ya ukingo. Mfinyanzi alisahau kuifuta kabla ya kulichoma. Nilipindisha mkono kwenye kioo nikaona kidole changu kingeenea pale. Mtu huyo hana jina, kaburi lake halijulikani, lakini kosa lake limewekewa taa. Nilikaa mbele yake hadi mlinzi akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Nilipanda pia mnara wa saa, ngazi mia moja na kumi na mbili. Juu kuna upepo na njiwa, na wapenzi wawili walionuna kwa kuwa nimefika.

Lango nililipita jioni. Ni kubwa.

Umekula nini leo?

Binti yako


Ijumaa, 7 Machi

Mwanangu,

Nimekula. Sijambo. Salamu zimetosha.

Umeniandikia mistari mingi juu ya bakuli na neno moja juu ya lango. Nimesahihisha insha za watoto maisha yangu yote. Mtoto akiruka swali, si kwamba hakulisoma.

Simba anatazama wapi? Jibu kwa sentensi kamili, wala usinihurumie. Nilikuweka dawati la mbele siku ile. Unajua kwa nini nauliza.

Baba yako


Jumamosi, 8 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakuomba ukae kitako kabla ya kuendelea, na dawa iwe karibu.

Simba wa langoni anatazama kushoto, upande wa mto.

Nilisimama mbele yake nikiwa na picha yako, ile uliyoikata kwenye kitabu cha darasa la saba. Kwenye picha anatazama kulia. Nilidhani nimesimama upande usio wake. Nikapita chini ya lango, nikatokea ng'ambo, nikaona mgongo wa ukuta. Simba ni mmoja tu.

Mama anayetembeza wageni aliniona na ile karatasi akacheka. "Na wewe ni mwalimu?" Nikasema hapana, baba yangu. Akaniambia kiwandani waliichapa picha kinyume, na kila mwaka walimu huja kubishana naye. "Mwaka juzi mmoja alimkaripia simba mwenyewe." Akaichukua, akaigeuza, akainyanyua juani. Kwa nyuma ya karatasi simba akawa anatazama mtoni, sawasawa na yule wa jiwe.

Kwa hiyo kaka alifika mjini, Baba. Zile siku nne alizotoroka alikuwa hapa, pale pale niliposimama mimi. Alipokwambia amemwona simba, ulimwita mbele ya darasa amchore ubaoni ili tujue kama ni kweli, akamchora anatazama kushoto. Ukafuta. Ukasema, "Mnaona? Muongo hata chaki inamuumbua." Darasa zima likaangua kicheko.

Nami nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, simba wangu alitazama kulia, nilikuwa na alama zote. Kaka alinitazama mimi, si wewe. Tangu siku hiyo hakuniomba hata kalamu. Na alipoondoka nyumbani, akaenda kubeba matofali kwenye majengo ya watu, hadi alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, hatukuwa tumesemezana kwa miaka sita.

Nilitaka kukuficha. Jana mchana niliandika barua nzima inayosema anatazama kulia, nikaichana. Nilihofia moyo wako. Lakini tulishamwita muongo mara moja, nikaona nikiandika vile nitakuwa nimemwita mara ya pili, na sasa hayupo wa kubisha.

Binti yako


Jumanne, 11 Machi

Baba,

Shikamoo. Siku tatu nimekwenda kituoni kupokea basi la jioni. Kondakta akiniona anaanza kutikisa kichwa kabla hajashuka.

Nimempigia simu fundi cherehani. Anasema uliichukua barua, ukaisomea pale pale umesimama, ukamuuliza kama ana chaki. Akakupa ile bapa anayochorea vitambaa. Anasema uko hai na unakula, ila huongei, na kwamba umesema nisije kabla hujajibu. Amekulinganisha na cherehani iliyokatika mkanda: gurudumu linazunguka, sindano haiendi.

Nimebakiwa na tiketi ya Alhamisi. Nitapanda, ujibu usijibu. Nigombeze nikifika, lakini sema kitu.

Binti yako


Jumatano, 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kimya. Sikukasirika. Nilikuwa naandaa somo.

Kwanza nikuambie usilolijua. Mara mbili shule ilipanga kupeleka wanafunzi kuona lango, na mara mbili nilisema nina homa. Sikuwa na homa. Kaka yako hakuwa mtoto wa kudanganya, nami nilijua hilo nikiwa nimeshika dasta mkononi. Kitabu kilikuwa kinasema hivi, mtoto wangu anasema vile, na darasa linanitazama. Nikachagua kitabu. Baadaye niliogopa kwenda kuona, maana nikishaona sitaweza tena kutojua. Ndipo nikakutuma wewe, mwoga mimi, nikasingizia daktari. Daktari alikataza ngazi tu.

Jana nilikwenda shuleni, nikipumzika kila baada ya nyumba tatu. Mwalimu mkuu wa sasa alikuwa dawati la tatu siku ile. Nilipomweleza nimekuja kusahihisha kosa, hakuuliza lipi. Alisema, "Nami nilicheka, Mwalimu."

Akanipa darasa la saba, chumba kile kile. Niliwaambia watoto wafungue picha, waishike kwenye mwanga, waitazame kwa nyuma. Kisha nikawaambia kwamba mwanangu alilisema hili hapa, amesimama hapa, nami nikamwita muongo, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkweli na mimi sikuwa. Nikamtaja jina lake. Sikuwa nimelitamka kwa sauti tangu mazishi.

Nikamchora simba anatazama kushoto. Chaki ya fundi haina ncha. Msichana wa mbele akanyoosha kidole: "Mwalimu, huyo ni mbwa." Darasa likacheka. Wakaanza kumzomea anyamaze. Nikawaambia wamwache, amesema anachokiona.

Nimemwomba mwalimu wao asifute ubao. Amesema atamwacha mpaka Ijumaa, kisha anahitaji nafasi ya hesabu.

Njoo kesho. Ukishuka kwenye basi usije nyumbani moja kwa moja. Nitakusubiri getini pa shule, twende tukamwone kabla hajafutwa.

Baba yenu