Mbwa Uliyesema Katoroka

Mdogo wangu Mwanahamisi,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti changu cha kuswalia, maana huu ni mwaka wa tatu magoti yamekataa kusujudu. Juzi ulinipigia kutoka Wete ukaniambia mjukuu wako kafikisha arobaini, na kwamba ukimaliza huko utarudi Pongwe kuja kunitazama. Nikakujibu, "Inshallah, karibu," nikakata simu upesi. Nadhani ulifikiri salio limeniishia.

Salio lilikuwepo.

Nianze na mema, nisije nikaonekana sina shukrani. Ulipokuja kukaa nami, mume wangu alikuwa na miezi minne kaburini, na mimi nilikuwa nakwenda msalani kwa kushika ukuta. Ulinipikia, ulinifulia, ulinichemshia maji ya kuoga. Jioni tulikaa barazani tukifuma sweta za watoto wa shule za Lushoto, watu wazima wawili jasho linatutiririka hadi kisogoni na sufu tumeilundika mapajani. "Dada, huko Lushoto kuna baridi kweli, au wanatufanyia mzaha?" uliniuliza siku moja. Nilicheka mpaka hesabu ya vitanzi ikanipotea, nikafumua safu tatu nzima.

Na Karani alikuwa kalala pale chini. Shemeji yako ndiye aliyewapa majina wale mbwa wawili. Alifanya kazi mashamba ya mkonge maisha yake yote, akataka angalau uzeeni amwite Bosi, na Bosi aje mbio. Bosi akafa kwa uzee, akabaki Karani na sikio lake lililokunjika, analala nje ya kizingiti na haingii ndani hata mvua inyeshe. Aliijua mipaka yake kuliko jamaa zetu wengi. Wewe hukumpenda, na sikukulaumu, tumelelewa hivyo. Siku alipotia ulimi kwenye bakuli lako la uji uliliosha mara saba, moja kwa udongo, kisha ukampa liwe lake. Nikadhani mmepatana.

Ikaja posa ya mwanao. Watu wa Wete, wenye asili ya Oman, wenye mashamba ya karafuu. Ulihangaika wiki nzima. Ulipaka ukuta chokaa, ukaazima mikeka kwa majirani, ukanikataza hata kuanika sufu uani. Kisha ukaniuliza, "Dada, wakimkuta mbwa mlangoni watatuonaje?" Nikakwambia siku hiyo tutamfunga kwa jirani, wakiondoka tutamrudisha. Ukasema sawa. Nakumbuka vizuri kwamba ulisema sawa.

Siku tatu kabla ya wageni niliamka, Karani hayupo. "Katoroka, dada. Dume hilo, litakuwa limefuata jike." Nikakuamini. Kwa nini nisikuamini, na sisi tumenyonya ziwa moja?

Nilimtafuta siku zote hizo tatu. Unajua nitembeavyo. Nilijikokota na fimbo hadi barabara kuu, nikarudi, nikaenda upande wa shule, naita "Karani, Karani," mpaka mzee mmoja akanielekeza ofisi ya kata. Wageni walipofika nilikuwa nimelala chumbani, magoti yamevimba kama maboga, nasikia vigelegele vya posa ya mwanao kupitia ukutani. Walipoondoka uliingia na chupa ya mafuta ya karafuu waliyotuletea, ukakaa chini mbele yangu, ukanikanda. Polepole, goti moja kisha jingine. Ukasema, "Atarudi tu, dada. Usijitese." Nikakuwekea mkono kichwani nikakuombea dua.

Kila nikiikumbuka ile dua naona aibu, kana kwamba mwenye kosa ni mimi.

Mwezi uliopita yule dereva aliyekuwa akituletea mkaa kwa lori alipita hapa. "Shikamoo mama," akaniambia, kisha akaniuliza kwa wema kabisa kama nimepata mbwa mwingine. Kumbe yule wa kwanza wewe, "mama mdogo", ulimwambia amchukue, naye akamteremsha mbali huko Mkwaja. Alidhani najua. Akasema Karani alilikimbiza lori muda mrefu, mpaka vumbi likamficha. Nilimpa maji ya kunywa, nikamshukuru, nikaingia ndani kufuma. Sweta ya siku ile ina mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Umeniumiza, Mwanahamisi. Ungeniambia waziwazi kwamba mbwa yule atamharibia mtoto ndoa, ningelia, tungegombana, pengine tungenuniana siku mbili. Kisha ningemtoa mwenyewe, tena kwa mtu ninayemjua, maana yule binti nimemlea kwa mikono yangu. Hukuniuliza. Na ulipokwisha kumtoa, ukaniacha nizunguke. Ulikaa barazani na kikombe chako cha chai ukanitazama ninavyochechemea kwenda kutafuta kitu ulichojua hakipo. Ulikuwa na siku tatu za kuniita nirudi. Goti la kulia halijawahi kuwa kama zamani tangu hapo, na mafuta yako, tangu dereva aniambie, sijayagusa tena.

Seti ya mjukuu nimeimaliza, kofia, soksi na sweta, nyeupe na kijani. Nitampa mtu wa boti akuletee. Mtoto hana kosa.

Ama wewe, chumba chako kipo, na kitanda nimekitandika. Lakini ukishuka Tanga usije hapa moja kwa moja. Nenda Mkwaja kwanza. Najua si njiani, na barabara inachosha, lakini wewe magoti yako mazima. Kaa siku tatu. Zunguka, uliza watu, mwite jina lake kwa sauti, wakucheke. Ukimpata, njoo naye.

Usipompata, njoo vilevile. Ila ukifika mlangoni usinipe shikamoo kwanza, wala usiniulize hali ya magoti. Niambie, "Dada, nilimtoa mimi." Nataka niyasikie kwako maneno hayo, kwa sababu mpaka leo mtu pekee aliyeniambia ukweli katika nyumba hii ni muuza mkaa.

Wasalimie wote huko, na mtoto umbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi, dada yako