Askari Asiyepanda Mkarafuu

Jumamosi. Mvua imenyesha alfajiri ikaacha, na sasa jua limetoka kali. Uani kwetu hapa Ole, Pemba, kamba zote zimejaa: kanga, mashuka ya wageni, vitambaa vya meza tulivyoazima kwa majirani watatu na sikumbuki kipi ni cha nani. Miguu inaniuma. Sauti imenikauka kwa vigelegele. Nina furaha mpaka naona haya.

Jana mdogo wangu ameoa.

Jina lake sitaliandika. Zamani ningeliandika, tena yote manne, na picha juu yake. Wanaonisoma siku nyingi wananijua: mwalimu wa skuli, mtu wa maneno mengi, siri hainikai. Lakini mdogo wangu ni askari jeshini, yuko kambini huko bara, na mwaka huu jina lake limetembea kuliko yeye mwenyewe. Kwa hiyo humu ataitwa mdogo wangu, basi. Na majina ya wengine wote nimeyabadilisha.

Kwanza niseme jambo linalojulikana kijiji kizima. Mdogo wangu hapandi mkarafuu. Alipokuwa na miaka minane, majimoto, wale sisimizi wekundu wanaouma, walimwingia ndani ya shati akiwa katikati ya mti. Akaporomoka huku analia, na tangu siku hiyo hajakanyaga tawi. Jeshi limemfundisha kulenga shabaha na kulala kwenye tope, lakini mkarafuu limeushindwa. Msimu ukifika, wenzake wakiwa juu wanachuma, yeye hukaa chini jamvini na wanawake anachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Na anachambua upesi hasa, bibi zetu wote wamemkubali.

Ndiko alikompata Zuwena. Mwaka jana alikuja likizo, rafiki yake akamchukua Pujini kusaidia mavuno shambani kwa Mzee Kombo. Akautazama mkarafuu wa kwanza, akatoa salamu, akaenda zake jamvini. Pembeni yake alikuwa amekaa binti wa Mzee Kombo. Walichambua pamoja siku kumi. Siku ya kumi na moja mdogo wangu alirudi nyumbani akamwambia mama anataka kuoa, na mwezi haukwisha tukapeleka posa, ikakubaliwa, pete ikavishwa.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Miezi michache nyuma nilipigiwa simu. Sauti ya mwanamme, ya upole, Kiswahili cha bara. Alisema anatoka ofisi ya kumbukumbu jeshini na wanahakiki taarifa za askari. Alilijua jina la mdogo wangu lote, nambari yake ya jeshi, siku aliyozaliwa, kundi lake la damu, jina la mama. Na langu pia, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandikwa mtu wa kutafutwa akipatwa na jambo. Mtu anayeyajua yote hayo utamshuku vipi? Mimi niliona fahari. Niliona jeshi linatujali.

Akaomba picha moja akiwa nyumbani, bila sare. Nikamtumia ya Idi, ile amevaa kanzu nyeupe na kofia niliyomshonea mwenyewe. Akauliza tunaishi vipi huku kwetu. Nikamweleza mikarafuu, mihogo, mpaka goti la mama. Akampa mama pole. Mama akaomba simu, na kwetu mtu hasalimiwi mara moja: akamuuliza hali yake, wazazi wake, watoto wake, usingizi wake, kisha akamwombea dua ya kazi na dua ya safari. Mwizi akaitikia amin.

Amin! Mpaka leo sijui nicheke au nilie.

Wiki mbili baadaye mdogo wangu alipiga simu, sauti iko chini. Wamekusanywa kambini wakaambiwa taarifa zao zimeibiwa, orodha nzima, na watu wasiojulikana wanazitumia. Mama wa mwenzake mmoja alipigiwa akaambiwa mwanawe amekufa. Alianguka hapo hapo jikoni. Ilipita siku nzima kabla hajaisikia sauti ya mwanawe, na sasa simu ikilia tu, yeye hutoka nje ya nyumba.

"Dada, akikupigieni mtu, msimwambie neno," aliniambia.

"Sawa," nikasema. Ile simu yangu sikuitaja.

Nilinyamaza. Naliandika hapa nisije nikajifanya nimesahau: nilinyamaza kwa kuona haya, na kunyamaza kwangu kulikaribia kumkosesha mke.

Maana mwizi alikuwa kazini. Alichukua jina la mdogo wangu, nambari yake na ile picha yangu ya Idi, akaanza kuchumbia watu mtandaoni. Msichana mmoja wa Wingwi, nimwite Rukia, aliandikiwa na askari wa Ole mwenye adabu, anayesali, anayemjali mama yake mwenye goti bovu. Watu wa Rukia si wajinga. Walifanya lile tunalolifanya sote kabla ya kuitikia posa: walituma watu Ole waulizie. Wakaonyesha picha dukani, wakaonyesha msikitini. Na Ole ikajibu kwa kauli moja: huyu tunamjua, mtoto wa watu, mwozesheni!

Hakuna aliyesema uongo. Waliulizwa habari za mdogo wangu, wakasema ukweli juu ya mdogo wangu. Waliojua kuwa ana mchumba Pujini walidhani labda ana niya ya wake wawili, na si kazi yao kumharibia. Lakini mmoja ana dada aliyeolewa Pujini. Siku ya tatu Mzee Kombo alikuwa na habari zote.

Akatuma mtu: pete na vitu vyenu vinarudi Alkhamisi, mie sina binti wa kuchezewa.

Zuwena mwenyewe aliniandikia maneno matatu. "Wifi, niambie kweli." Niliyasoma nikiwa darasani, nikawapa watoto zoezi refu kuliko ilivyopasa, nikatoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Mdogo wangu hakupewa ruhusa ya kuja. Alichoweza ni kusema, "Dada, huyo si mie," tena na tena. Ndipo nikamwambia. Picha, goti, dua, yote. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Mama kamwombea na dua ya safari?"

Nikasema ndiyo. Akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Basi fanya uwezalo, dada. Mie siwezi kutoka hapa."

Jumatano nikaomba ruhusa skuli, nikaenda Wingwi. Njiani nilipanga maneno vizuri. Kosa langu ni kwamba nilipofika nilimuuliza mtu wa kwanza kwa Rukia ni wapi, na nikajitambulisha. Kufika mlangoni, habari imeshanitangulia kwamba dada wa mchumba amekuja. Mkeka mpya umetandikwa. Rukia amebadilisha nguo. Shangazi yake, Bi Hidaya, mwanamke mkubwa mwenye miwani iliyofungwa uzi, amenipokea kwa mikono miwili.

"Wifi huyo! Karibu, mwanangu, karibu kwenu!"

Kuku alikuwa tayari yumo chunguni. Mkate wa kumimina ukaletwa, na chai. Ningesema nini? Nilikula. Nikaongezwa, nikala tena. Halafu nikaweka kikombe chini, nikawaambia.

Bi Hidaya alisema "Yallah!" akashika kichwa. Rukia hakulia mbele yangu. Aliingia ndani akakaa kitambo. Nami nilikaa pale nikijichukia na mdomo wangu ukinukia mchuzi wao. Alipotoka alikuwa amevaa buibui, simu mkononi.

"Tangu juzi ananiomba nauli ya kuja kujitambulisha," alisema. "Nlikuwa nshaanza kuitafuta." Akaizima simu. "Huyo mwenzangu wa Pujini asije akavunjiwa na mtu ambae hata hayuko. Kesho twenda sote."

Yeye ndiye aliyeibiwa moyo, na yeye ndiye aliyesema hivyo. Mimi sijui kama ningeweza.

Alkhamisi tulimkuta Mzee Kombo barazani, amekaa wima, na lile furushi la vitu vyetu limeshafungwa pembeni yake. Wanawake walikuwa ndani, nyuma ya pazia. Hakutufukuza, lakini kahawa haikuletwa, na anayeijua Pemba anajua maana yake. Bi Hidaya akavaa miwani, akaanza kusoma ujumbe mmoja mmoja katika simu ya Rukia, kwa sauti ya kusomea hati. Jina, sawa. Nambari ya jeshi, sawa. Siku ya kuzaliwa, sawa. Jina la mama, sawa. Kila sawa moja uso wa mzee ulizidi kukunjamana, na mimi nikaona tumekuja kumzika mdogo wangu kwa mikono yetu.

Kisha Bi Hidaya akasoma hili: "'Mpenzi, kwetu Ole mimi ndiye mpandaji hodari kuliko wote. Nikipanda mkarafuu asubuhi sishuki mpaka adhuhuri, naruka tawi hadi tawi.'"

Nyuma ya pazia mtu akacheka. Kicheko kidogo cha kuziba mdomo, kikaponyoka, kikawa kikubwa. Alikuwa Zuwena. Mama yake akafuatia, kisha nyumba nzima. Mzee Kombo alijizuia kadiri alivyoweza, ndevu zinamtetemeka, halafu akajipiga paja.

"Tawi hadi tawi! Huyu huyu? Kakaa shambani kwangu siku kumi, mkarafuu hakuugusa hata kwa kuuegemea! Nlimwambia panda japo ule mdogo, kanambia, 'Mzee, mie niweke hapa kwa akina mama!'" Akalivuta lile furushi, akalisukumia ndani ya pazia. "Rudisheni hili ndani. Na kahawa iko wapi? Wageni wamekaa tangu saa ngapi?"

Orodha ile iliyoibiwa ilikuwa na kila kitu chake isipokuwa woga wake. Mwizi alisikia kwangu habari za mikarafuu, akajaza mengine kwa kukisia. Alidhani kila mwanamme wa Ole anapanda.

Rukia naye alicheka. Halafu akalia, sasa kweli kweli, na Zuwena akatoka ndani akamshika, wakaingia pamoja. Walilosemezana huko silijui na sikuuliza.

Ule ujumbe wote tuliupeleka polisi, na mdogo wangu akawapa taarifa wakubwa zake. Mwizi hajakamatwa. Taarifa za mdogo wangu na wenzake bado ziko huko zilikokwenda, hazitarudi, na nambari ya jeshi haibadilishwi kama laini ya simu. Sijidanganyi. Namfikiria yule mama anayetoka nje simu ikilia. Hata jana, katikati ya shangwe, nilimfikiria.

Lakini jana!

Kwetu bwana harusi akitaka kuingia kwa mkewe, wanawake humzuia mlangoni mpaka atoe chochote. Mdogo wangu alifika Pujini na joho lake, kilemba kimekaa upande, bahasha tayari mkononi. Wakaikataa. Mlango ukafunguka kidogo, akatoka Rukia, aliyekuja na Bi Hidaya na nusu ya Wingwi. Amebeba sinia ya karafuu mbichi, bado ziko kwenye makonyo yake.

"Jina tumeshaletewa," akamwambia. "Na picha tumeshaletewa. Leo twataka mikono."

Mdogo wangu aliitazama ile sinia, akanitazama mimi, akakunja joho akakaa chini. Akachambua. Karafuu huku, makonyo kule, upesi upesi, jasho linamtoka, wanawake wamemzunguka wanampigia makofi na vigelegele, Mzee Kombo kwa mbali anapiga kelele, "Mpandisheni na mtini!" Sinia haijafika nusu, sauti ya Zuwena ikatoka ndani.

"Ndiye huyo. Mfungulieni."

Picha hakuna hata moja. Simu zote nilizikusanya mwenyewe mlangoni, nikazitia kikapuni, nikazifunika kanga. Walinung'unika, wakanicheka, wakasema mwalimu amekuwa askari kuliko askari. Sawa tu.

Jumatatu anarudi kambini. Mama ameshaweka utaratibu mpya: yeyote atakayepiga simu akasema ni mwanawe, kabla ya salamu ataulizwa amepanda mikarafuu mingapi leo. Na mdogo wangu, hata wakubwa zake wawe wamesimama pembeni, lazima ajibu kwa sauti, "Naogopa, mama." Hapo ndipo salamu zianze. Leo asubuhi amepiga kutoka Pujini, wakajaribu. Mama akauliza. Akajibiwa. Nyuma yake nilimsikia Zuwena anacheka, na mama akaketi vizuri, akanyoosha goti lake, akaanza: hali yako, mkeo, wakwe zako, usingizi wako.

Nimeyasoma tena niliyoandika. Na siri ya familia nimeshaiweka hapa, wazi, dunia nzima isome. Mdomo huu! Kesho nikimaliza kurudisha vitambaa vya watu itabidi nikae na mama, nikiri tena, tutafute swali jingine.