Moshi wa Mama Mkwe

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, salamu zako zimefika hapa Zombo. Babu yako mzima, na mbuzi wako kazaa mapacha.

Unauliza kama majiko banifu yanaokoa kuni kweli. Yanaokoa, tena sana. Nilipoolewa nilifinyanga la udongo, safari zangu za porini zikapungua. Mama mkwe alilisifu, lakini kila jioni aliwasha mafiga yake vilevile. Nikanuna. Msimu wa kupanda ulipofika, majirani walioacha mafiga walikuta mbegu zao za mahindi zimetobolewa na dumuzi. Zetu, zilizoning'inia juu ya moshi wake, zilikuwa nzima. Akawagawia wote.

Nalishukuru jiko langu hadi leo. Ila mahindi niliyokutumia ni uzao wa mbegu zile. Yapike kande kwenye jiko lako la umeme, kisha umwombee dua aliyezifukiza.

Bibi yako