Sufuri za Alhamisi

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta goti limetulia na Shemeji amepunguza kubishana na redio. Mpwa wangu mwambie mjomba wake ameiona picha ya cheti, na ile alama ya hesabu imemfurahisha kuliko alivyoonyesha kwenye simu. Mimi ni mzima. Kifua kilinibana wiki mbili kwa sababu dirisha la ofisi yetu halifungi, ila nimeliziba kwa faili la zamani na nimepona.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, kama kawaida yako, na hili nikikatizwa sitalimaliza. Nivumilie mpaka mwisho.

Nilikwambia kwamba kitengo chetu cha takwimu za kilimo kimepata mkurugenzi mpya. Ni mama mmoja mfupi, wa sauti ya chini, tunamwita Desimali kwa sababu hakubali namba isiyo na nukta. Ukimwambia magunia kama elfu kumi hivi, anakurudisha ukahesabu upya. Siku ya kwanza alitukusanya watu kumi na mmoja katika chumba chenye viti tisa, akasema nchi hii inauza ufuta kama mtu anayeuza nyumba ambayo hajawahi kuingia ndani. Wanunuzi wa nje wanajua tumevuna kiasi gani, ghala lipi limejaa na lipi linavuja. Sisi wenye mali tunajua tukishauza. Akasema haombi shamba jipya hata moja. Anataka namba, na anazitaka kabla ya mnunuzi.

Basi tukafunga mkanda. Kwa miezi saba tumekusanya hesabu za maghala, mvua, shehena za bandarini, na taarifa za nchi nyingine zinazolima ufuta. Mwanzoni nilibeza. Lakini ni mezani kwangu ndipo jambo lilipojitokeza: nchi mbili zinazoshindana nasi zimekosa mvua, kwa hiyo mwaka huu wanunuzi wanatuhitaji sisi kuliko tunavyowahitaji wao. Desimali alipoiona ile karatasi hakusifu. Aliuliza tu kama nimehesabu mara mbili. Ndipo likatoka lile tangazo la kuwataka wakulima wasiuze mpaka mazungumzo yaishe, ambalo Shemeji alisema ni porojo. Mwambie nusu ya porojo ile nimeiandika mimi.

Mazungumzo yalianza Jumatatu, katika ukumbi wenye zulia linalonuka gundi. Wanunuzi walikuwa watatu. Desimali aliwasomea namba zake moja baada ya nyingine bila kupandisha sauti, na nilimwona mkubwa wao akiacha kuandika. Hadi saa ya chakula walikuwa wameongeza bei mara mbili. Nilijivuna, Dada. Nilijisikia mrefu.

Waliporudi kutoka kula, wakajibu. Mmoja wao alitundika mchoro ukutani, akasema akiba yetu wanaijua hadi gunia la mwisho, na wanajua mapaa yapi bado yanavuja, kwa hiyo wanaweza kusubiri mvua. Ulikuwa mchoro wa ghala moja tu, siku kwa siku, kwa miaka minane. Wenzangu walinong'ona kuhusu setilaiti. Desimali alisogea, akautazama muda mrefu, akauliza kwa nini kila wiki kuna siku moja yenye sufuri na siku inayofuata mstari unaruka juu. Hata mwenye mchoro hakujua.

Mimi nilijua. Nchi nzima sijui ghala lingine ambalo mpima mizani wake husimamisha kazi Alhamisi nzima, akafungua mizani, akasugua vyuma vyake kimoja kimoja, na kuwaambia wakulima warudi kesho hata wakinuna vipi. Tumekutania kwa hilo tangu marehemu baba alipokukabidhi funguo. Setilaiti haisafishi mizani.

Ile namba ya simu unayoitumia ujumbe kila jioni, magunia mangapi, mvua kiasi gani, paa likoje, si ya ofisi yetu. Haikuwahi kuwa yetu. Nilipokupa nilikuwa bado chuoni, hata kazi sijaomba. Alikuja bwana mmoja mpole, mwenye miwani, akasema anafanya utafiti. Alinipa kompyuta na kunitafutia nafasi ya mafunzo, naye alitaka kitu kimoja: mtu wa ghalani anayehesabu kwa uaminifu. Nilimjua mmoja. Nilikwambia ni kazi ya taifa kwa sababu nilijua ukiambiwa hivyo hutaruka hata siku. Na hukuruka, hata ulipolazwa. Ulimtuma Shemeji ahesabu.

Mwaka wa kwanza sikujua namba zinakwenda wapi. Wa pili nilijua, maana nilikuwa nimeajiriwa na nikaliona jina la yule bwana katika orodha ya mawakala wa wanunuzi. Nikajikaza kisabuni. Nilijiambia ghala moja si kitu. Ukweli ni kwamba kukuzuia kungenilazimu kukueleza, nami sikutaka unione nilivyo.

Unaukumbuka mwaka wa mvua za mapema. Uliandika kwamba paa lina matundu saba na maturubai hayatoshi. Wanunuzi hawakuonekana wiki tatu, mpaka mvua ikaanza, na bonde zima likauza kwa nusu bei. Mwezi ule uliuza cherehani ya mama ili mpwa wangu asirudishwe nyumbani. Ulisema wale watu wana bahati na hali ya hewa. Haikuwa bahati. Uliwaambia wewe mwenyewe, kwa sababu mimi nilikuelekeza kwao. Naona aibu, na sina neno kubwa zaidi ya hilo.

Nilimweleza Desimali siku ileile. Alivua miwani, akanipa karatasi, akaniambia niandike yote na kutia sahihi. Sijui kama mwezi ujao nitakuwa na meza. Mazungumzo yataendelea Jumatatu ijayo, na kila ujumbe utakaotuma kule kabla ya hapo watakuja nao ukumbini. Kisha Desimali akasema jambo ambalo limenikaa rohoni: nchi hii haina ghala lingine lenye hesabu ya kila siku kwa miaka minane, na ofisi ya taifa haina hata ukurasa wake mmoja. Anaomba madaftari yako. Barua rasmi inakuja, lakini alitaka haya uyasikie kwangu kwanza.

Namba ya kweli ya ofisi nimeiandika nyuma ya bahasha. Sina uso wa kukuomba uitumie. Barua itakufikia Jumatano. Kesho yake ni Alhamisi, na ukishafungua mizani utakuwa na siku nzima bila mtu wa kukusumbua. Ijumaa nitakaa karibu na simu. Ukituma magunia, nitayaandika. Usipotuma, nitaandika sufuri, na safari hii hakuna atakayehitaji kuniuliza maana yake.

Mfikishie Shemeji salamu zangu, na mpwa wangu usimwambie haya mpaka mimi mwenyewe nije kumwambia.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda,

Kizibo