Mtu Aliyetupokea Uwanja wa Ndege wa Kamina

Kwako Mama, uliye kule ambako barua hazifiki,

Ninakuandikia nikiwa Kamina, ndani ya nyumba yako, majani ya kaburi lako hayajaota bado. Siku ya matanga yako nilipata habari ambayo ilikuwa yako kabla ya kuwa yangu. Ili niiseme vizuri, lazima nirudi nawe mpaka safari ile ya miaka ya tisini, wakati wa vita ya pili. Mimi nilikuwa msichana wa sekondari. Tulitoka Kinshasa, kwa dada yako aliyekuwa mgonjwa, ndani ya ndege ya mizigo, tumekaa juu ya magunia ya unga na meno yetu yanagongana kwa baridi.

Ulijua tayari kwamba Papa, baba yangu, hayuko nyumbani. Wanajeshi walikuwa wamemfuata shuleni alikofundisha, kwa sababu mtu alisema anasikiliza redio ya waasi na kuwatafsiria majirani. Alikimbia kabla hawajafika. Zaidi ya hapo hatukujua kitu. Na wewe ulikuwa umetuma habari ya kuja kwetu kwa foni ya misheni, ile redio ambayo ukisema neno ukiwa Kinshasa, kila mwenye chombo kama hicho kutoka Kabongo mpaka Bukama analisikia. Ndiyo maana, ndege ilipotua na mwanamume mwenye koti la kahawia akatusogelea akitaja jina lako, ulinivuta nyuma ya mgongo wako.

"Minyi ni Umba," alijitambulisha. "Rafiki ya bwana yako. Alinituma niwapeleke kwake. Iko mu kisiwa, kule ku ziwa Kisale."

Hukumpa mkono. Ulimuuliza, "Bwana yangu anakunywaka chai namna gani?"

"Hakunywaka chai, mama. Anakunywaka maji ya moto na chumvi kidogo."

Ilikuwa kweli. Mimi nilitabasamu, nikaona mambo yameisha. Wewe ulichukua mzigo wako ukamfuata, lakini njiani ukaninong'oneza, "Muntu mwenye kumufunga naye anaweza kujua ile. Mufungwa anaombaka kile anazoea."

Tangu hapo, Mama, sikuona tena mti wala kilima katika safari ile. Nilitazama kile ulichotazama wewe, yaani mikono na macho ya Papa Umba, kama tulivyomwita kwa heshima. Katika behewa la mizigo la kwenda Bukama alitupa mkate. Ukamwambia auume yeye kwanza. Akauma. "Nimekula, mama," akasema. Ukamjibu, "Kula tena." Watu waliokuwa nasi wakacheka, naye akacheka pamoja nao, ila masikio yake yalikuwa yameshuka kama ya mbwa aliyekemewa.

Bukama tulipanda boti kubwa la mbao lenye injini, limejaa sabuni, chumvi, nyavu mpya na mbuzi waliofungwa miguu. Mto wa Lualaba ulikuwa mpana na wa rangi ya udongo, kisha mafunjo yakaanza kutufunga pande zote mbili, mpaka nikadhani tunasukumwa ndani ya shamba. Ulichagua nafasi ukingoni kabisa. Ulinivua viatu ukavifunga kiunoni mwangu kwa kitambaa chako.

"Nikikuita na jina ya bibi yako," ulisema polepole, "ruka mu maji."

Sikujua kuogelea. Wewe pia hukujua. Nilikubali hivyohivyo.

Kizuizi cha mwisho kabla ya ziwa kilikuwa kibanda cha matete na bendera. Wanajeshi walitutazama bila kupanda. Papa Umba alishuka peke yake, akaenda na ofisa mmoja nyuma ya kibanda. Tuliona miguu yao tu. Halafu wakatoka, na yule ofisa alikuwa ameweka mkono juu ya bega la Papa Umba, akatunyooshea kidole, wewe na mimi. Papa Umba akacheka kicheko cha mtu anayetekenywa na mtu asiyempenda. Nilikutazama. Mdomo wako ulikuwa umefunguka. Nikashika mbao za boti, nikaangalia maji, nikangoja jina la bibi.

Hukulitaja. Injini ikawaka.

"Yule njo nani?" ulimuuliza alipokaa.

"Ni muntu wa kwetu, mama. Tunajuana zamani."

"Wa kwenu wapi? Yule alikuwa anasema Lingala."

Alijifuta jasho usoni kwa kofia yake. Hapo ulimshika katika uongo, na hukumwachia tena mpaka ulipokufa.

Ziwani kulikuwa na visiwa vya wavuvi vilivyokaa juu ya mafunjo yaliyoshikana. Maji yakipanda vinasogea, upepo ukivuma vinasogea, na mgeni hawezi kujua leo kipi ni kipi. Tulishushwa kwenye kimoja chenye vibanda vichache na moshi wa samaki. Ardhi ilibonyea chini ya miguu kama godoro lenye maji. Uliwauliza wanawake waliokuwa wakigeuza samaki kama kuna mwalimu hapo. Wakasema hawajaona mwalimu kamwe.

Ulimgeukia Papa Umba. Sijawahi kukuona na uso ule. "Umetuleta wapi?"

"Hakuna mwalimu hapa, mama," alisema. "Kuko mushona nyavu. Ngojea."

Akapiga mluzi kuelekea mafunjo. Kisha sauti ikatoka humo ndani, ya kukwaruza, lakini ilikuwa ya Papa. "Kama weye njo muke yangu, sema: siku ya ndoa yetu nani alianguka mu kanisa?"

Wanawake wote wakaacha samaki wao. Nawe, uliyemhoji kila mtu tangu Kinshasa, uliweka mikono kiunoni. "Minyi nimepanda ndege, nimepanda treni, nimepanda boti, na weye unanipa masomo? Toka mu majani!"

Papa akatoka akicheka na kulia, na ndevu ambazo sikuzijua, na vidole vimekatwakatwa na nyuzi za nyavu. Ulimpiga kofi la bega kwanza, ndipo ukamkumbatia.

Jioni hiyo Papa Umba alimwita Papa kando, kwenye mitumbwi. Waliongea muda mrefu. Papa aliporudi ulimuuliza wamesema nini. "Habari za njiani tu," alisema. Kesho yake Papa Umba akaondoka na boti.

Tulikaa kisiwani mpaka vita ikaisha. Hakuna mwanajeshi aliyekuja. Tuliporudi Kamina, watu walimwona Papa barabarani wakakimbia, maana kanisa lilikuwa limeshamfanyia maombolezo. Ulitaka kujua nani alileta habari ya kifo chake, ukaambiwa ni Papa Umba. Basi! Kwako hilo lilimaliza kesi. Ulisema alimzika mumeo akiwa hai ili achukue kiwanja chetu. Papa Umba naye alikuwa anachechemea sasa, na meno ya mbele hana. Alisema alianguka na baiskeli. "Baiskeli gani inachagua meno?" ulisema, ukafunga mlango. Kila Jumapili baada ya ibada alikusalimu, nawe ulimjibu kwa kichwa tu.

Alikuja kwenye matanga yako, Mama. Alikaa kando yangu akalia kwa sauti, mpaka shangazi wakatazamana. Kisha akaniambia. Kabla ndege yetu haijatua, watu wa usalama walikuwa wamemkamata palepale uwanjani. Nao walisikia ile habari uliyotuma kwa foni. Walimwambia atupeleke mpaka kwa Papa, maana bila sisi asingetoka mafichoni, kisha arudi awaonyeshe kisiwa. Yule ofisa wa kizuizini alikuwepo kuhakikisha kwamba amepita nasi. Papa Umba alirudi Kamina kweli, ila akawaambia mwalimu amekufa kwa kipindupindu na yeye mwenyewe amemzika. Walimpiga siku nyingi ili aseme kingine. Hakusema.

"Mama yako," aliniambia, "njo muntu mumoja tu aliona kama kuko kitu. Bengine balicheka tu."

Nilimuuliza kwa nini hakukuambia. Akasema, "Uliza papa yako."

Nikamuuliza Papa. Alikuwa amekaa kitandani kwenu, upande wake, upande wako umeachwa wazi, shuka limenyooshwa. Akasema alijua tangu jioni ile kwenye mitumbwi. Habari ya kipindupindu waliipanga wawili. Alinyamaza kwa sababu ungetaka tuondoke siku ileile, na hatukuwa na pa kwenda. "Na kisha vita ilipoisha?" nikamuuliza. Alitazama mikono yake. "Kisha ilikuwa imechelewa. Niliona haya."

Kwa hiyo, Mama, kulikuwa na kitu. Hukuwa na moyo mbaya, kama shangazi walivyosema, wala vita haikukuharibu kichwa. Uliona sawasawa, nusu ya jambo, na mtu mwenye nusu nyingine alikuwa anavuta pumzi kando yako kila siku, akikusikia unamtukana rafiki yake aliyepigwa kwa ajili yake.

Nimekasirika naye. Ninampikia ugali wetu wa bukari, ninamwekea maji ya kunawa, lakini maneno yangu kwake ni machache. Jana aliniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia kwanza aniambie mengine anayotuficha.

"Hakuna ingine," alisema.

Nilimtazama, Mama, kama vile ungemtazama wewe. Simwamini.

Pumzika sasa. Huku kuna mtu aliye macho.

Mtoto wako wa kwanza