Jina Nililompa Sheha

Mjukuu wangu Sabra,

Hili sijamwambia mtu. Usicheke nikikuita mjukuu: mdogo wa babu yako ni bibi yako, hata akiwa bado yuko skuli.

Hapa Fumba sote wazima. Umeuliza kwa nini babu yako kamnunia Mzee Haji. Anaamini ndiye aliyemshitaki kwa kukata mikoko. Ni mimi. Mikoko ilipokwisha, kisima chetu kiliingia chumvi. Sheha, mkuu wetu wa hapa kijijini, alipotaka majina ya wakataji, nikaandika la kaka yangu.

Jana Mzee Haji alimwuliza kaka, “Hata salamu? Nimekuulia kuku?”

“Nenda kasalimiane na sheha wako!”

Nikanyamaza. Kuandika sijutii, kunyamaza kunanichoma.

Nasikia makubadhi ya kaka kibarazani. Karatasi hii siifichi tena. Aingie, aisome.